Kitu cha Kuzibia Hesi za Mabomba ya Maji, na Jinsi ya Kukichagua

Karatasi hii yawahusu wakulima wa Mzumbe, Mlali na Mgeta, na wengine wote wa milima ya Uluguru, waletao maji mashambani na majumbani kwa mabomba yashukayo kutoka vijito vya mlimani. Habari zake ni za jambo dogo, yaani kile kitu kitiwacho katika hesi za bomba ili maji yasivuje. Hesi ni ile mikato izungukayo ncha ya bomba, ambayo mafundi wengi huiita tredi. Watu wengi hununua mabomba kwa fedha nyingi, huchimba mtaro kwa kazi ya majuma mengi, kisha hufunga maungio kwa kitu chochote kilichoonekana dukani siku ile. Maji yakivuja, hulaumiwa bomba, au fundi, au jirani akaaye juu. Mara nyingi kosa lilikuwa katika kuchagua.

HASARA YA MAUNGIO YAVUJAYO

Twaa kikombe cha robo lita, ukitege chini ya maungio yavujayo, nawe uangalie saa. Kikijaa kwa dakika tano, basi mahali hapo pamoja papoteza lita 3 kwa saa, na lita 72 kwa siku, ambazo ni zaidi ya ndoo tatu na nusu za lita 20. Katika siku 100 za kiangazi ni lita 7,200, yaani ndoo 360. Bomba lenye mahali kumi pa namna hiyo hupoteza ndoo 36 kila siku. Na kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, ndio wakati vijito vya upande wetu wa magharibi hupungua, maana mvua nyingi ya Uluguru huangukia upande wa mashariki. Ndoo zipoteazo juu ya mlima ni zile zile azikosazo mtu wa koki ya mwisho.

Lakini hasara hiyo si kubwa kuliko zote. Bomba la mlimani halijai maji siku zote. Koki za chini zikifunguliwa nyingi pamoja, au maji yakikatika kule juu, maji yaliyomo hushuka yakiacha mvuto nyuma yake, mfano wa mtu afyonzaye kwa mrija. Hapo tundu lililokuwa likitoa maji huanza kuingiza. Huvuta matope ya mtaro, na maji ya samadi, na yale yatokayo choo kilicho karibu, na hata dawa iliyonyunyizwa katika nyanya. Maji yarudipo huchukua uchafu huo mpaka koki ya mwisho. Kipindupindu na homa ya matumbo huweza kuingia nyumbani kwa njia hii, hata kama chemchemi yenyewe ni safi kabisa. Kwa hiyo mtu asiseme, ‘Bomba langu lavuja kidogo tu, na maji yapo tele.’

Na maji hayo si ya mtu mmoja. Mito ya Mzumbe na Mlali huingia katika Bwawa la Mindu, linywesha mji wa Morogoro, na mto Ngerengere hutoka hapo kwenda Ruvu, ambao maji yake hufika Dar es Salaam. Ndiyo sababu sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 yataka atakaye kuchukua maji mtoni kwa bomba apate kwanza kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ajuaye kiasi alichopewa hataki kukimwaga njiani.

KWA NINI HESI HUVUJA

Hesi za mabomba yauzwayo kwetu hufuata kipimo cha Kiingereza, ambacho asili yake ni kazi ya fundi Joseph Whitworth aliyetangaza vipimo vyake mwaka 1841. Pembe ya hesi hizi ni digrii 55. Ncha ya bomba la chuma haikuchongwa sawasawa, bali hupungua unene kuelekea mwisho, kipimo kimoja kwa kila vipimo kumi na sita vya urefu. Kwa hiyo kadiri bomba liingiavyo ndivyo libanavyo. Lakini hata likibana sana, baina ya kilele cha hesi moja na bonde la nyingine hubaki njia nyembamba izungukayo kama ngazi ya mnara, na maji huifuata mpaka nje. Kazi ya kizibio ni kuijaza njia hiyo tu. Si kazi yake kushika bomba lisichomoke, wala kutengeneza hesi zilizovunjika, wala kuunganisha vitu visivyooana.

Jambo hili la kuoana laumiza watu kuliko walivyo tayari kuamini. Pampu nyingine na vyombo vingine vya umwagiliaji wa matone huja na hesi za kipimo cha Kimarekani, ambazo pembe yake ni digrii 60. Katika ukubwa wa nusu inchi na robo tatu, kipimo cha Kiingereza na cha Kimarekani vyote viwili vina hesi 14 katika inchi moja. Basi kimoja hukubali kuingia katika kingine, huzunguka mara mbili au tatu, kisha hushikwa. Fundi hudhani kuwa kimekaza, huongeza utepe na kukivuta kwa spana, na maji huvuja vile vile, maana pembe mbili hizo hazilali pamoja. Katika inchi moja tofauti huonekana upesi, kwa kuwa Kiingereza ni hesi 11 na Kimarekani ni 11 na nusu.

Kwa hiyo kabla ya kununua kizibio chochote, jaribu kiungo kikavu kwa mkono. Kiungo chema cha nusu inchi huingia kwa mkono mizunguko minne hivi, kikizidi kubana taratibu. Kikicheza-cheza mpaka mwisho, hesi zimelika au zilichongwa vibaya. Kikishikwa ghafula mwanzoni, huenda ni cha kipimo kingine, au hesi zimepigwa zikapinda. Kirudishe dukani. Wala usikipime kwa rula ukashangaa: bomba liitwalo la nusu inchi huwa karibu milimita 21 kwa nje ya hesi, na la inchi moja zaidi ya milimita 33. Majina haya ni ya desturi tangu zamani.

Tena ufahamu nguvu ya maji. Kila mita 10 za kushuka huongeza nguvu ya kilo moja hivi juu ya kila sentimita ya mraba. Ikiwa kijito kiko mita 60 juu ya koki yako, nguvu ni kilo sita, na huwa kubwa kuliko zote wakati koki zote zimefungwa, yaani usiku. Ndiyo maana maungio yaliyo makavu mchana hukutwa yamelowa asubuhi. Bomba la plastiki lililoandikwa PN 6 limefika ukomo wake katika mita hizo 60. Likizidi hapo yatakiwa PN 10, au tangi la kupunguza nguvu lijengwe katikati ya mteremko. Bomba likizidiwa nguvu, hakuna kizibio kitakachoweza kuliokoa.

UTEPE MWEUPE

Utepe huu mwembamba, ambao madukani huuzwa katika vigurudumu vidogo, ni wa kitu kilichogunduliwa kwa bahati huko Marekani mwaka 1938 na mtaalamu Roy Plunkett alipokuwa akitafuta hewa ya kupoza majokofu. Hauozi, hauliwi na mbolea wala dawa za mimea, nao hauleti ladha katika maji. Kwa mabomba madogo, tangu nusu inchi hata inchi moja, na hasa kwa viungo vya plastiki, ndio kitu kifaacho kuliko vingine.

Lakini namna ya kuuzungusha ndiyo huwashinda wengi. Safisha hesi kwanza kwa brashi ya waya, zikauke. Shika bomba ncha yake ikikutazama, uzungushe utepe kwa mwendo wa mishale ya saa, ukiuvuta kidogo ili uingie mabondeni. Ukiuzungusha kinyume, kiungo kiingiapo kitaukunjua, nawe utauona ukitoka nje umejikunja kama ganda la kitunguu. Acha hesi ya kwanza ya ncha iwe tupu, ili vipande visikatike na kwenda kuziba koki au matundu ya mipira ya matone. Mizunguko mitatu hata mitano yatosha kwa utepe wa kawaida katika hesi za chuma. Utepe mwepesi sana, unaoonekana mwanga ndani yake, wataka zaidi. Afadhali kuununua ulio mzito, maana tofauti ya bei ni ndogo.

Na hapa pana sharti moja lisilosamehe. Ukiisha kukaza, usirudishe nyuma hata kidogo. Mafundi hupenda kukaza kiwiko, kisha wakiona kinatazama upande mwingine hukirudisha robo mzunguko kikae sawa. Kwa utepe haifai kabisa, kwa kuwa umekwisha katika na hauwezi kufunga tena. Fungua chote, ondoa utepe wa zamani, anza upya. Au utumie katani, ambayo habari zake zafuata.

KATANI NA DAWA YAKE

Kabla ya utepe kujulikana, mafundi walitumia nyuzi laini za kitani zilizopakwa dawa nzito ya mafuta. Nao hawakuwa wajinga. Nyuzi hizo hufura zipatapo maji, zikaziba zaidi. Na kiungo kilichofungwa kwa hizo huweza kurudishwa nyuma kidogo, hata nusu ya robo mzunguko, pasipo kuvuja. Kwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, hasa ya inchi moja na nusu na kuzidi, na mahali palipo na mtikisiko kama karibu na mashine, mimi naona katani ingali bora kuliko utepe.

Wakulima wa nchi hii, wakiwa wamezoea mkonge, huuliza kama nyuzi zake zafaa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, naye alianza na miche 62 tu iliyofika hai. Leo hakuna asiyeujua hapa Morogoro na Kilosa. Nyuzi zake ni nene na ngumu kuliko za kitani. Katika bomba kubwa huweza kufaa zikichanwa ziwe nyembamba kama unywele. Katika hesi za nusu inchi hazilali mabondeni, hujikusanya mwanzoni na kukisukuma kiungo kikae upande. Msitumie huko.

Mwenye kutumia katani na akwaruze kwanza hesi kwa msumeno wa chuma au tupa, zipate mikwaruzo ya kushika nyuzi zisiteleze. Kisha atwae nyuzi chache. Wengi hutwaa nyingi mno. Azizungushe kwa mwendo ule ule wa mishale ya saa tangu ncha kwenda nyuma, mpaka mabonde yajae na vilele vionekane bado. Halafu apake dawa juu yake nyembamba, akaze, afute iliyotoka nje.

Katani ina kasoro mbili. Ya kwanza, hufura, na kiungo cha plastiki hakiwezi kuvumilia kufura huko. Hupasuka, wala si siku ile, bali baada ya mwezi au miwili, mtaro ukiwa umekwisha fukiwa. Ya pili, bomba likikaa kavu kiangazi kizima katani husinyaa, na maji yarudipo wakati wa vuli huvuja kila mahali. Yeye ambaye kijito chake hukauka, na atumie utepe hata katika chuma.

RANGI NYEKUNDU ISITUMIWE

Zamani mafundi walichanganya katani na rangi nyekundu iliyotengenezwa kwa madini ya risasi na mafuta ya kitani. Ilishika vizuri sana, na baadhi ya wazee bado huisifu. Lakini risasi ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho wala kutambulikana kwa ladha, na dhara hilo haliponi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Maana yake, gramu moja tu ya risasi yatosha kufikisha mpaka huo katika lita 100,000, ambazo ni ndoo 5,000. Maungio mamoja yaliyopakwa vizuri kwa rangi ile yaweza kuwa na gramu kadhaa. Haitatoka yote kwa siku moja, lakini bomba hukaa ardhini miaka ishirini au thelathini.

Kwa hiyo rangi hiyo isiingie katika bomba la maji ya kunywa, wala la kumwagilia, maana katika vijiji vyetu bomba la shamba ndilo watoto wanywalo wakitoka shuleni. Pia rangi ya milango na madirisha, hata ikiwa mpya, haikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Tazama kopo la dawa: sharti liandikwe kuwa yafaa kwa maji ya kunywa. Kama halina maandishi, au maandishi yamefutika, liache dukani. Ukifungua bomba la zamani ukakuta wekundu katika hesi, usikwangue kikavu ukavuta vumbi lake. Lilowanishe kwanza, ufute kwa kitambaa, ukifukie mbali na kisima, nawe unawe mikono kabla ya kula. Afadhali zaidi kuikata ncha ile na kuchonga hesi mpya.

Dawa za mafuta zina neno jingine. Nyingine hulegeza plastiki polepole mpaka ipasuke. Katika plastiki tumieni utepe peke yake, isipokuwa kopo likisema wazi kwamba dawa yake haidhuru plastiki ya namna ile. Vivyo hivyo ile dawa ya maji-maji iuzwayo katika chupa ndogo kwa bei kubwa, ambayo hukauka mahali pasipo hewa baina ya chuma na chuma: yafaa sana kwa viungo vya mashine, lakini katika plastiki haikauki vizuri na huweza kuipasua, tena kukifungua kiungo chake hutaka moto.

MAHALI PASIPOTAKIWA KITU

Bomba jeusi la plastiki huunganishwa kwa kiungo chenye pete ya mpira ndani na kofia ya kukaza. Kinachozuia maji hapo ni pete, wala si hesi. Watu huzungusha utepe katika hesi za kofia kwa nia njema, nao utepe huizuia kofia isifike mwisho wake, pete haibanwi, na maji huvuja kwa sababu ya kitu kilichotiwa kuyazuia. Ndivyo ilivyo kwa kiungo chochote chenye washa ya mpira. Hapo safisha mchanga, ikague pete isiwe na mkato, ukate ncha ya bomba sawa kwa kisu kikali, ukaze basi.

Mahali plastiki ikutanapo na chuma, panga tangu mwanzo ili hesi za nje ziwe za plastiki na za ndani ziwe za chuma. Ukifanya kinyume, chuma kikiingia ndani ya plastiki huipanua kama kabari ipasuavyo gogo. Kaza kwa mkono, kisha ongeza mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa spana, usizidishe. Utepe mwingi nao ni kabari vile vile.

Vipande vya mpira wa baiskeli na vya mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, huonekana vimefungwa mitaroni kila mahali. Vyaweza kumpitisha mtu usiku mmoja. Ndani ya hesi havifai kwa lolote.

PAMPU NA KUJARIBU

Mwenye pampu mtoni ajue kwamba maungio ya upande wa kuvuta hayaonyeshi tone hata moja yakiwa mabovu. Hapo maji hayatoki. Hewa ndiyo iingiayo, na pampu hunguruma bila kutoa maji, mpaka mwenyewe aipeleke kwa fundi ifunguliwe bure. Paka povu la sabuni katika maungio ya upande huo wakati pampu inakwenda; povu likinyonywa ndani, umepapata mahali pake. Fungua, safisha, utie utepe mpya.

Kwa bomba la mteremko, usifukie mtaro siku ya kufunga. Jaza maji polepole, koki ya mwisho ikiwa wazi ili hewa itoke, kisha funga zote, uache usiku kucha. Asubuhi na mapema, kabla mtu hajafungua koki, pita na karatasi kavu ukiifunga katika kila maungio na kuitazama. Palipo na umande karatasi italowa nje kote; palipovuja italowa pembeni mwa hesi tu. Tia alama ya chokaa, funga maji, rudia hapo. Maungio ya katani yaliyolowa kidogo sana yaweza kungojwa siku mbili, maana nyuzi hufura zikajiziba zenyewe. Ya utepe yasingojwe.